Dar mpaka Tanga kwa baiskeli na washkaji: namna ya kuipanga safari isiwavunje njiani

Watu wakishakubaliana kwamba tunatoka na baiskeli mpaka Tanga, grupu la WhatsApp linajaa picha za baiskeli, nani ananunua ipi, ina gia ngapi, bei gani, wiki mbili zinaisha hivyo na hakuna aliyeuliza swali lenyewe, kwamba je sisi tunaweza kukaa pamoja siku tano tukiwa tumechoka, tuna njaa na jua liko utosini? Baiskeli ikiharibika utapata fundi hata vijijini huko, lakini kundi likigombana katikati ya njia ndo safari imeisha hapohapo. Kwahiyo nitaanza na makubaliano, vifaa vitakuja baadae.

Njia ninayoizungumzia ni ya kutoka Dar kupitia Bagamoyo, unakata kwenda Msata, unaingia barabara kuu ya kaskazini mpaka Segera, halafu unashuka Muheza na Tanga mjini. Kwa jumla ni zaidi kidogo ya kilomita 300, lami mwanzo mwisho, na mkigawa kwa siku tano inawezekana kabisa kwa mtu wa kawaida mwenye mazoezi kidogo. Ukipitia Kibaha na Chalinze kuna malori mengi mno na kona za watu wenye haraka, kwa kundi linaloanza sishauri kabisa. Ile ya pwani kabisa, ya Saadani na Pangani, ni tamu ila inakatisha hifadhi yenye wanyama, kwahiyo hiyo usiende kichwakichwa, ulizeni kwanza watu wa TANAPA, wale wanaosimamia hifadhi za taifa, mnaruhusiwa kupita vipi.

Sasa makubaliano. Kaeni chini kabla hamjanunua chochote, ana kwa ana, sio kwenye simu. Kundi la watu wanne mpaka nane linatosha. Mkizidi nane jigaweni makundi mawili yenye viongozi wawili, maana mstari wa baiskeli kumi barabarani basi halina pa kupita na mtajikuta mnasukumwa kwenye majani.

La kwanza ni mwendo. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa mwisho, na hili liseme wazi mapema kila mtu akubali kwa mdomo wake, kwasababu asubuhi ya kwanza wenye nguvu wote wanataka kuonyesha. Kama wa taratibu kabisa anaweza kilomita 15 kwa saa basi nyie ni kundi la kilomita 15 kwa saa, mkienda masaa matano na nusu mmepata kilomita 80 na kitu, inatosha sana. Na yule wa taratibu msimuweke nyuma! Muwekeni wa pili, nyuma kabisa ya kiongozi, pale upepo unakatwa na mtu wa mbele na yeye anaokoa nguvu nyingi tu bila kujua. Nyuma ya wote akae mtu mzoefu, mtulivu, mwenye begi la spana na la dawa, na sheria ni moja, hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa nyuma yake, hata kwenda kujisaidia. Akisimama yeye, wote wanasimama.

Halafu kuna jambo dogo ambalo naona ndo linaloua makundi mengi. Wa mbele wanafika kwenye mti, wanakaa dakika kumi, wanakunywa maji wanacheka, wa mwisho anafika anahema, wanamwambia "haya twende", wanaondoka. Yule hajapumzika hata sekunde moja, na ndivyo itakavyokuwa siku nzima, anayehitaji mapumziko zaidi ya wote ndiye asiyeyapata. Mpaka saa tano atakuwa amenuna, saa saba atakuwa hataki kuongea na mtu. Kwahiyo mapumziko yanaanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapoegesha baiskeli yake. Dakika kumi kamili kuanzia hapo. Mkilishika hili tu mmemaliza nusu ya ugomvi wote.

La pili hela. Chagueni mtunza hela mmoja, kila mtu amtumie kiasi sawa kwa simu wiki moja kabla, humo mnalipa chakula, gesti, maji, fundi. Halafu wekeni na mfuko wa dharura pembeni, huo haugusi mtu mpaka kuwe na dharura ya kweli, yaani hospitali au kukodi gari. Mtunza hela aandike kila kitu na usiku aposti kwenye grupu, hata kama ni maji ya mia tano. Sio kwamba hamuaminiani, ila mtu aliyechoka anahesabu vibaya na kukumbuka vibaya. Na abebe noti ndogondogo, mama ntilie wa njiani hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi na mtandao nao kuna sehemu unasumbua.

La tatu, anayeshindwa anafanyaje. Lizungumzeni kabla, wakati kila mtu bado ana nguvu na hakuna anayejiona anasemwa yeye. Kupanda basi sio aibu. Mtu akisema goti linauma anasikilizwa mara ya kwanza, hasubiri mpaka achechemee. Ila haachwi peke yake stendi, anabaki na mmoja mpaka apate usafiri wenye uhakika, wengine wanasubiri mji unaofuata.

Baada ya hapo ndo tarehe. Masika ni Machi mpaka Mei, hapo kaeni nyumbani. Kuanzia Juni mpaka Septemba ndo wakati wenyewe, joto limepungua na kusi linavuma, na kusi linatoka kusini mashariki, maana yake kutoka Dar kwenda Tanga linawasukuma mgongoni karibu njia nzima. Mkienda Januari mnakutana na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, linawapiga ubavuni na usoni na joto juu, nguvu ile ile mtatembea kilomita pungufu na mtadhani baiskeli zenu mbovu. Kipande cha mwisho tu, kuanzia Segera mnapogeuka kuelekea baharini, ndo hilo kusi litawajia ubavuni, jipangeni kwa hilo.

Mazoezi miezi miwili inatosha. Katikati ya wiki mtu apige zake saa moja moja, Jumamosi mtoke wote. Vukeni pantoni muende Kigamboni mpaka Kimbiji huko na kurudi, wiki nyingine pandeni Pugu mpaka Kisarawe muonje mlima. Kabla ya safari yenyewe fanyeni walau wikiendi moja ya siku mbili zinazofuatana, na hii msiiruke, kwasababu kuendesha siku moja kila mtu anaweza, kazi ni kuamka kesho yake na kukaa tena kwenye kile kiti. Hapo ndo mtajua kiti cha nani kiko chini sana. Kipimo rahisi, kaa kwenye kiti weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi wanaweka kiti chini ili wakanyage ardhi vizuri wakisimama, na ndo magoti yanakuja kuuma Mbwewe, huko katikati ya njia.

Baiskeli yenyewe sasa. Sio lazima ya gharama. Mtumba mzuri wa Uingereza au Japani, uliofanyiwa sevisi na fundi unayemwamini, unafika Tanga bila shida. Kitu ninachokiangalia mimi ni je, ikifa njiani nitapata spea? Saizi ya 26 ile ya baiskeli za milimani tairi zake na tyubu utazipata karibu kila duka la spea kijijini, na 28 ile ya Phoenix ipo kila mahali, ila hizi 700 za baiskeli za mashindano nje ya miji mikubwa kuzipata ni kazi, na msije mkadanganyika kwamba 28 ya Phoenix itaingia humo, rimu zake haziko sawa. Kwahiyo mwenye 700 abebe tyubu zake mbili na kama inawezekana tairi moja ya kukunja kwa kundi zima. Na mnaweza kupanga mapema watu wengi iwezekanavyo muwe na saizi moja, mtaazimana.

Angalia pia valvu. Baiskeli nyingi za kisasa zina ile valvu nyembamba yenye kiskrubu juu, na pampu ya fundi wa kijijini haiingii pale, wala ya kituo cha mafuta. Kuna kidude kidogo cha shaba unafunga juu yake inakuwa kama valvu ya bodaboda, bei yake ndogo sana, kila mwenye valvu hizo awe na viwili maana vinapotea. Ukiwa nacho hata mtu wa bodaboda anakujazia upepo.

Vya kundi kwa pamoja: pampu mbili, spana za alenki (Allen key) zile za kukunja, kifaa cha kukatia cheni na viungo viwili vya akiba, waya wa breki na wa gia, spoku chache za saizi zenu, viraka, solusheni, msasa, oili ya cheni, kisu, na vipande vya mpira wa tyubu kuukuu vya kufungia mizigo kwenye keria. Hivyo vya mpira msividharau, vinashika kuliko kamba yoyote. Mzigo ukae kwenye keria, sio mgongoni. Begi la mgongoni siku ya kwanza unaliona jepesi, siku ya tatu mabega yamekufa na jasho limekutoa vipele.

Kila mtu ajue kuziba pancha kabla ya kutoka, wote, sio fundi mmoja wa kundi. Na kwenye pancha watu wanakosea sehemu moja. Wanatoa tyubu, wanaziba, wanarudisha, wanajaza, baada ya kilomita mbili imeisha tena, wanalaumu kiraka. Kiraka hakina kosa, kilichotoboa bado kimo ndani ya tairi. Kwenye barabara kuu hii mara nyingi sio mwiba wala msumari, ni vile viwaya vyembamba vya chuma vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, mabaki yake utayaona pembeni ya lami kila baada ya kitambo. Kiwaya kinaingia kwenye mpira wa tairi, kwa nje hukioni kabisa, kwa ndani kimetokeza kama milimita moja. Chukua kitambaa laini au pamba, pitisha taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, pale kitakaponasa ndo penyewe, kitoe kwa koleo au kwa ncha ya kisu. Ukipitisha kidole kitupu kitakuchoma. Halafu ukitoa tyubu kumbuka valvu ilikaa upande gani, ukipata tundu kwenye tyubu unapima tu kutoka kwenye valvu unajua tairi liangaliwe wapi. Msasa kidogo, solusheni, subiri ikauke mpaka isinate kwenye kidole, ndo uweke kiraka. Hapo kwenye kusubiri ndo haraka za watu zinapoharibu.

Barabarani. Mstari mmoja, kushoto, bila mjadala, habari ya kwenda wawili wawili mkipiga stori iacheni kwenye barabara za vumbi. Kati ya baiskeli na baiskeli acheni kama mita mbili hivi. Msigande kwenye ukingo kabisa wa lami, kaeni kama nusu mita ndani, kwasababu ukingo pale mara nyingi umemegeka na chini kuna kishimo, tairi likidondoka humo halafu ukalazimisha kurudi juu unaangukia barabarani upande wa magari. Ukidondoka nje ya lami baki huko huko, punguza mwendo, simama, ndo upande tena. Lori likiwapita kwa kasi kwanza upepo unawasukuma nje kisha unawavuta ndani, shika usukani kwa mikono miwili, usijibu kwa kukata kona. Wa mbele akiona shimo aonyeshe kwa mkono na kupiga kelele "shimo!", kila mtu arudie mpaka limfikie wa mwisho, na wa mwisho akiona gari anapiga kelele "gari!" inakuja mbele. Saiti mira ndogo kwa wa mwisho ni lazima kwa kweli. Na mkiona basi linaovateki likiwa linakuja mbele yenu upande wenu, tokeni nje ya lami wote mapema, msishindane nalo kwamba mna haki. Haki mnayo, ila limebeba watu hamsini na haliwezi kusimama.

Helmeti kila mtu, vizibao vya rifleksta kila mtu, na saa kumi na mbili jioni kila baiskeli iwe imeegeshwa. Giza la huku linaingia ghafla na usiku ile barabara sio ya baiskeli.

Ratiba ya siku ni hii: kuamka saa kumi na nusu, chai nyepesi, saa kumi na mbili kukipambazuka mko barabarani, saa tano mmemaliza sehemu kubwa, jua kali lote la mchana mnalipitisha kivulini, mnamalizia kidogo kuanzia saa tisa na nusu. Kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Nusu lita mpaka lita nzima kwa saa kutegemea joto, na sio maji matupu tu, unatoka jasho la chumvi siku nzima ukarudisha maji matupu kichwa kinauma na miguu inakaza. Bebeni ORS za pakiti, zikiisha tengenezeni, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, msizidishe chumvi. Chakula cha njiani kizuri kipo tele bila kununua vya dukani, ndizi, mihogo ya kuchemsha, karanga, tende, kashata, na madafu mkiwa bado pwani. Chipsi mayai iacheni ya jioni, mafuta yale saa sita mchana yanakulaza. Mtu akianza kuongea ovyo, ngozi imekauka haitoi jasho, au anatapika, huyo sio mvivu, huyo joto limemzidi, kivulini haraka, mlowesheni maji, mpepeeni, tafuteni gari. Namba ya dharura ni 112. Hospitali kubwa kwenye njia hii ni Bagamoyo, Teule pale Muheza na Bombo Tanga mjini, katikati hapo mnategemea vituo vidogo, ndo maana nasema mfuko wa dharura usiguswe. Na maumivu ya misuli msiyatulize kwa diklofenaki mkiwa hamna maji mwilini, inaumiza figo, paracetamol inatosha.

Siku ya kwanza, Dar mpaka Bagamoyo, kama kilomita 65. Tegeta mpaka Bunju ndo pabaya kwa magari, tokeni kabla daladala hazijachangamka, ukishapita Mapinga mnapumua. Siku ya pili Bagamoyo kwenda Msata, kilomita 64, hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, lami nzuri, magari machache, vijiji vyenye kivuli. Msata mnaingia barabara kuu na mambo yanabadilika, mabasi ya Moshi na Arusha yaliyotoka Dar alfajiri yanawapita hapo asubuhi ileile. Baada ya Msata kuna mteremko kwenda mto Wami, zamani daraja lilikuwa jembamba la gari moja moja na ilikuwa hatari tupu, toka 2022 watu wanapita daraja jipya, pana. Ila mteremko uko palepale na ukivuka kuna kupanda, shukeni mkiwa mmeachiana nafasi kubwa. Na mtoni msishuke kunawa, Wami ina mamba na viboko. Siku ya tatu laleni Mkata, ya nne mnapita Kabuku na Segera, mwenye nguvu anafika Muheza, ambako mtakula machungwa mpaka mchoke. Segera mpaka Tanga mjini ni kama kilomita 70, kwahiyo mkilala Muheza siku ya tano ni fupi, mnaingia Tanga kabla ya jua kali.

Malazi gesti zipo kila mji niliotaja, pigeni simu siku moja kabla mkihitaji vyumba vingi, na ulizeni swali moja tu la maana, baiskeli zinaingia ndani? Mkiamua kupiga hema kijijini nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mjitambulishe, muonyeshe vitambulisho. Mara nyingi atawapa uwanja wa shule au wa ofisi na mtu wa kuwaangalia, na hapo mko salama kuliko kujificha porini. Kaptula za baiskeli zile za kubana zinasaidia sana makalio, zinavaliwa bila chupi ndani na unapaka vaselini kidogo, ila mkifika kwenye hoteli au nyumba za watu vaeni kaptula ndefu au kanga juu yake, hii ni pwani, watu wanaheshimiana. Kama kuna wanaoswali au wanaofunga, au wa kwenda kanisani Jumapili, iwemo kwenye ratiba toka mwanzo, sio mtu aombe ruhusa njiani.

Kurudi Dar mnapanda basi. Nendeni stendi jioni ya kabla mkapatane na watu wa mizigo, nauli ya baiskeli inaelewana mkiongea mapema, asubuhi basi likiwa linanguruma bei ni nyingine. Toeni tairi la mbele, geuzeni usukani ulale sawa na fremu, toeni pedali, shusheni kiti, punguzeni upepo kidogo. Kwenye buti iingie mkiwepo wenyewe, upande wa gia uwe juu, boksi katikati ya baiskeli na baiskeli, na simameni pale mpaka mlango wa buti ufungwe maana gunia la viazi likirushwa juu yake ile chuma ya gia inapinda. Na mtunza hela aposti hesabu ya mwisho usiku huohuo mkiwa bado Tanga, kilichobaki kigawanywe mezani kila mtu aondoke na chake.